Kadi Moja Kubwa ya Grafiki au Mbili za Bei Nafuu? Mwongozo Kamili wa Kuamua Kabla Hujatoa Hela

Ukiingia dukani na bajeti ya kadi moja kubwa ya grafiki, hutakosa mtu wa kukuonyesha kadi mbili za kati ambazo ukijumlisha bei zake bado unabaki na chenji, na ukijumlisha gigabaiti (GB) zake za kumbukumbu unapata zilezile au zaidi. Kwa watu fulani hesabu hiyo ni ya kweli kabisa. Kwa wengine ni njia ya uhakika ya kununua kadi ya pili itakayokaa ndani ya kasha ikizungusha feni bure. Kinachotenganisha makundi haya mawili ni programu anayotumia mnunuzi, maana kadi mbili hazijiungi zenyewe zikawa moja. Programu ndiyo inayojua kuzigawia kazi, au haijui.

Kwa hiyo tutaanza na kazi yako, tupite kwenye ubao mama na umeme, na bei zije baadaye. Mifano mingi ni ya kadi za NVIDIA kwa sababu ndizo zinazokubaliwa na programu nyingi za kazi, ila mantiki ni ileile hata ukichagua AMD.

## Hatua ya 1: Iulize kazi yako maswali mawili

Chukua karatasi uandike programu tatu au nne unazozitumia kweli, si zile unazotamani kuja kuzitumia. Mbele ya kila moja jibu maswali haya.

La kwanza: kazi yenyewe inagawanyika? Kurenda (kuifanya kompyuta ichore picha za mwisho) fremu 500 za katuni kunagawanyika vizuri, kwa sababu kadi moja inaweza kuchora fremu ya 12 wakati nyingine inachora ya 13. Kugeuza rekodi 40 za mahojiano kuwa maandishi kunagawanyika pia. Gemu ni ngumu kuigawa: fremu ijayo inategemea kitufe ulichobonyeza sasa hivi, na mara nyingi inachota taarifa kutoka kwenye fremu iliyotangulia.

La pili: kumbukumbu inagawanyika? Hapa ndipo hela nyingi zinapopotelea. Kadi mbili za GB 12 si GB 24 kwa kila kazi. Kwenye kurenda, kila kadi hubeba nakala yake kamili ya mandhari nzima, kwa hiyo kikomo chako kinabaki GB 12 hata ukifunga kadi nne. Kwenye kuendesha modeli za lugha, yaani akili mnemba inayoandika majibu, hali ni tofauti: modeli inakatwa, nusu inakaa kadi hii na nusu kadi ile, na hapo GB 12 na GB 12 zinakuwa karibu GB 24 kweli.

Ukipata "ndiyo" kwenye maswali yote mawili, kadi mbili zina hoja nzito. "Ndiyo" na "hapana" maana yake utapata kasi bila nafasi, au nafasi bila kasi, na inabidi ujue unachokosa ni kipi. "Hapana" mbili, nunua moja na uishie hapo.

## Hatua ya 2: Kama kazi kuu ni gemu, nunua moja

Wazo la kuunganisha kadi kwa ajili ya gemu ni la zamani. Kampuni ya 3dfx ililileta mwaka 1998 na Voodoo2, kadi mbili zikigawana mistari ya picha. NVIDIA, iliyokuja kuinunua teknolojia ya 3dfx, ilirudisha SLI, jina ambalo 3dfx ililipa mbinu hiyo, mwaka 2004, na mwaka uliofuata mshindani wake ATI akajibu kwa CrossFire. Njia iliyotumika zaidi ilikuwa kupokezana: kadi ya kwanza inachora fremu za witiri, ya pili za shufwa. Namba ya fremu kwa sekunde ilipanda, lakini fremu zilitoka kwa mwendo usio sawa, mbili zikifuatana haraka kisha pengo, na jicho likaona picha inakwamakwama wakati kipimo pembeni kinaonyesha namba nzuri. Halafu kila gemu lilihitaji draiva iliyoandaliwa kwa ajili yake.

Mwisho wake unajulikana. NVIDIA ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2021 haitaandaa tena mipangilio mipya ya SLI kwa kadi za RTX 20 na za nyuma yake. Kwenye familia ya RTX 30 ni 3090 peke yake (pamoja na 3090 Ti) iliyopewa mahali pa kuunganishia, na 4090 ilipotoka mwaka 2022 haikuwa napo. DirectX 12 na Vulkan, mifumo ambayo gemu hutumia kuzungumza na kadi, ziliwaachia watengenezaji wa gemu waigawe kazi wenyewe wakitaka, na waliofanya hivyo ni wachache mno.

Kwa hiyo mtu akikuuzia GTX 1080 mbili pamoja na kiunganishi chake akisema zinaipita kadi moja ya kisasa, mwambie gemu za leo zitatumia moja tu. Kuna programu ya Lossless Scaling inayoweza kuipa kadi ya pili kazi ya kutengeneza fremu za katikati, na mwenye kadi ya zamani iliyolala kabatini anaweza kuijaribu. Si sababu ya kununua ya pili.

## Hatua ya 3: Kurenda na video

Kwenye Blender, injini ya Cycles ni mahali ambapo kadi mbili hufanya kazi kwa heshima. Unazitia tiki zote mbili kwenye mipangilio ya mfumo, chini ya OptiX (mfumo wa mahesabu wa NVIDIA), na zinagawana picha. Hazihitaji waya wa kuziunganisha, na hazilazimiki kufanana: 3060 na 4060 Ti zitafanya kazi pamoja. AMD na NVIDIA hazichanganyiki hapo, kwa sababu unachagua mfumo mmoja wa mahesabu kwa wakati mmoja. EEVEE, injini nyingine ya Blender, inatumia kadi moja, kwa hiyo kama unatengenezea humo kadi ya pili haina kazi.

Kwa katuni ndefu kuna njia ninayoipenda zaidi kuliko kugawana fremu moja. Kwenye sehemu ya matokeo ya Blender, ondoa tiki ya Overwrite na weka tiki ya Placeholders, kisha fungua Blender mara mbili kwenye faili lilelile, kila moja ikiwa imepewa kadi yake. Kila nakala inapoanza fremu inaweka faili tupu lenye jina la fremu hiyo, na mwenzake akilikuta analiruka na kuchukua inayofuata. Kadi yenye kasi itachora fremu nyingi, ya polepole itachora chache, na hakuna inayomsubiri mwenzake.

Kikomo ni ile kumbukumbu. Mandhari yenye miti mingi na picha za 4K ikihitaji GB 15, kadi mbili za GB 12 zote zitaanza kuchota RAM ya kompyuta na kasi itaporomoka, au kazi itakataa kabisa. Kadi moja ya GB 24 itaimaliza bila kelele. Fungua mradi wako mzito kuliko yote, renda fremu moja, na soma kiasi cha kumbukumbu kinachotajwa. Namba hiyo moja ina thamani kuliko video kumi za kulinganisha kadi.

Wa video: DaVinci Resolve ya bure kwenye Windows na Linux inatumia kadi moja, ya kulipia, Studio, ndiyo inayotumia zaidi. Kama unahariri harusi na mahubiri kwa toleo la bure, jibu lako umeshalipata.

## Hatua ya 4: Akili mnemba nyumbani

Hapa ndipo swali la moja au mbili limefufuka, na ndipo nitakaa zaidi. Tuchukue jozi mbili za kulinganisha ambazo jumla ya kumbukumbu inalingana. Bei ni za uzinduzi kwa dola; mtaani ni nyingine, lakini uwiano unasaidia kufikiri.

| | 3090 moja | 3060 mbili | 5090 moja | 5060 Ti mbili |
|---|---|---|---|---|
| Kumbukumbu (GB) | 24 | 12 + 12 | 32 | 16 + 16 |
| Kasi ya kumbukumbu ya kila kadi (GB kwa sekunde) | 936 | 360 | 1,792 | 448 |
| Viini vya CUDA (vitengo vya mahesabu) kwa jumla | 10,496 | 7,168 | 21,760 | 9,216 |
| Wati kwa jumla | 350 | 340 | 575 | 360 |
| Bei ya uzinduzi | $1,499 | $658 | $1,999 | $858 |

Modeli ya lugha inapoandika jibu, kila kipande cha neno kinachotoka kinailazimisha kadi kusoma karibu modeli nzima kutoka kwenye kumbukumbu. Ndiyo maana kasi ya juu kabisa unaipata kwa kugawanya kasi ya kumbukumbu kwa ukubwa wa modeli. Modeli ya vigezo bilioni 32 (vigezo ni namba zinazoiunda modeli), kila kimoja kikiwa kimebanwa hadi biti 4, inachukua kama GB 20. Kwenye 3090: 936 gawanya kwa 20, vipande 46 kwa sekunde. Kwenye 3060 mbili: 360 gawanya kwa 20, vipande 18. Kasi halisi huwa chini ya hapo kwa zote mbili.

Kwa nini za 3060 hatukujumlisha zikawa 720? Kwa sababu modeli imekatwa kwa tabaka, yaani hatua za hesabu zinazofuatana, na tabaka za nusu ya pili zinasubiri matokeo ya nusu ya kwanza. Ni kama mafundi cherehani wawili wanaoshona shati moja: mmoja anaunga mwili, ndipo mwenzake aweke mikono, na wakati mmoja anafanya kazi mwingine amekaa. Kwa mtu mmoja anayeuliza swali moja, kadi ya pili inakupa nafasi, si kasi. Ollama na llama.cpp, programu za kuendeshea modeli nyumbani, zote zinafanya hivyo zenyewe bila kuulizwa modeli isipotosha kwenye kadi moja. Programu kama vLLM zinaweza kuzifanyisha kadi zote kazi kwenye kila tabaka kwa wakati mmoja, na hapo kasi inapanda, lakini kadi zinaanza kupelekeana taarifa mfululizo, na sloti dhaifu kwenye ubao mama inakuwa kizingiti.

Vipande 18 kwa sekunde vinatosha kusoma kwa raha? Kwa Kiingereza, ndiyo. Kwa Kiswahili jihadhari kidogo. Modeli nyingi zimejifunza maandishi mengi zaidi ya Kiingereza, na neno kama "hawakunisaidia" hukatwa vipande kadhaa ambapo neno la Kiingereza la urefu huo lingekuwa kimoja au viwili. Sentensi ileile inakula vipande vingi zaidi, na jibu linatoka taratibu kuliko namba inavyoonyesha. Kama kazi yako ni ya Kiswahili, pima kwa Kiswahili.

Kwa maoni yangu, 3060 mbili ni mlango mzuri wa kuingilia kwa mwanafunzi au mtu anayejifunza, hasa kama moja anayo tayari. Kama huna hata moja na 3090 ya mtumba yenye afya inapatikana kwa bei inayokaribia ya 3060 mbili mpya, chukua 3090: nafasi ileile, wati zilezile, kasi zaidi ya mara mbili, na sloti moja tu. Kwenye jozi ya pili mambo yanageuka. Tofauti kati ya 5060 Ti mbili na 5090 moja ni zaidi ya dola elfu moja kwa bei za uzinduzi, na wati 215. Vipande 22 kwa sekunde dhidi ya 90 ni tofauti kubwa, lakini kwa mtu mmoja anayezungumza na modeli yake, 22 zinatosha. Hapo mimi ningechukua mbili. Sharti ziwe za GB 16, kwa sababu 5060 Ti ipo pia ya GB 8.

Modeli ya bilioni 70 kwa biti 4 inahitaji kama GB 40, kwa hiyo hakuna hata moja kwenye jedwali inayoibeba. Wanaoitaka wengi wao huishia kwenye 3090 mbili, GB 48. Ni kadi mbili, lakini bei nafuu tena hakuna.

Kufundisha modeli ni habari nyingine. Kwa njia ya kawaida kila kadi hubeba modeli yote na kuchukua fungu lake la data, kwa hiyo kasi inakaribia kuwa mara mbili ila modeli lazima itoshe kwenye kadi moja. Zipo njia za kuikata modeli hata wakati wa kuifundisha, lakini kama ndiyo unaanza, kadi moja yenye kumbukumbu kubwa itakuokolea muda mwingi wa kupambana na makosa.

Na kuna kazi moja ambayo watu wetu wengi wanaihitaji: kugeuza sauti ya Kiswahili kuwa maandishi kwa Whisper. Modeli yake kubwa inahitaji kama GB 10, kwa hiyo 3060 ya GB 12 inaitosha. Ukiwa na kadi mbili na lundo la vipindi vya redio au mahojiano, endesha Whisper mbili: ya kwanza itanguliwe na `CUDA_VISIBLE_DEVICES=0`, ya pili `CUDA_VISIBLE_DEVICES=1` (maneno yanayoiambia programu itumie kadi ipi), kila moja na folda yake ya rekodi. Hakuna kugawana wala kusubiriana, na lundo linaisha karibu nusu ya muda. Utengenezaji wa picha kwa Stable Diffusion uko hivyohivyo: kwa kawaida picha moja ni ya kadi moja, kadi mbili ni picha mbili kwa mpigo.

## Hatua ya 5: Chukua rula, fungua kasha

Sloti mbili ndefu kwenye ubao mama hazimaanishi sloti mbili zenye nguvu. Prosesa za kawaida za Intel na AMD zina njia 16 za PCIe (za kupitishia taarifa kati ya prosesa na kadi) kwa ajili ya kadi za grafiki, na mbao mama nyingi za bei ya kati zinazipeleka zote kwenye sloti ya juu. Ya pili, ingawa ina urefu uleule, inapita kwenye chipu ya ubao na kupata njia 4. Kwenye mbao za B450 na B550 ndivyo ilivyo kwa wingi, tena kwa kizazi cha PCIe cha nyuma kuliko sloti ya kwanza.

Pakua kitabu cha ubao wako kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji na utafute ukurasa wa sloti. Unachotaka kuona ni maneno kama x16 au x8/x8. Ukiona x16 kisha x4, sloti ya pili ni ya njia 4. Usikate tamaa mapema. PCIe 3.0 ya njia 4 inapitisha kama GB 4 kwa sekunde. Kwa kurenda, taarifa zinapakiwa mara moja kisha kadi inafanya kazi kimya. Kwa modeli iliyokatwa kwa tabaka, kinachovuka ni kidogo. Kwa kufundisha modeli kwa kadi mbili, au kwa vLLM, njia 4 zitakuumiza. Kadi za 5060 Ti zenyewe zina njia 8 tu, kwa hiyo ubao wa x8/x8 unazitosha bila kupoteza kitu.

Sasa rula. Kila nafasi ya sloti nyuma ya kasha ni kama sentimita 2. Pima kutoka sloti ndefu ya kwanza hadi ya pili. Ukipata sentimita 6, kadi ya unene wa sloti mbili itaacha pengo la sentimita 2, na feni zake zitavuta hewa. Kadi ya unene wa sloti tatu itagusana na mwenzake, mgongo wa chini ukizibana feni za juu. Pima na chini pia: kadi ya pili mara nyingi inakalia plagi za USB za mbele na za feni zilizo ukingoni mwa ubao, na kwenye kasha fupi inagonga kifuniko cha pawasaplai. Kadi ikiwa ya feni mbili na unene wa sloti mbili kamili, ndiyo ya kutafuta kwa mpango wa kadi mbili. Zile nene zenye feni tatu na mataa ziache kwa wenye kadi moja.

## Hatua ya 6: Umeme na joto la kwetu

Jumlisha wati: kadi zote, prosesa wati 125 hadi 150, na 75 kwa ubao, diski na feni. 3060 mbili zinakupeleka kwenye 550 hivi, na pawasaplai ya wati 750 ya jina linaloaminika inafaa. 3090 moja inapiga karibu jumla ileile, lakini ina tabia ya kuruka juu ghafla kwa sehemu ndogo ya sekunde, na pawasaplai ya bei rahisi huzima kompyuta nzima katikati ya kazi. Iwekee 850. Kila tundu la pini 8 kwenye kadi lipewe waya wake kutoka kwenye pawasaplai. Usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili kwa kadi nzito. Na usikubali adapta za kugeuza waya wa diski kuwa wa kadi. Waya huo haukutengenezwa kubeba wati 150, na nimeona plastiki yake ilivyoyeyuka.

Umeme wetu unapanda na kushuka, na unakatika. UPS (betri ya akiba) ndogo iliyoandikwa 650VA kwa kawaida inabeba chini ya wati 400, kwa hiyo haitaishika kompyuta ya kadi mbili ikiwa kazini. Itapiga kelele na kuzima. Soma wati zilizoandikwa nyuma yake, si VA. Kama bajeti haifiki kwenye UPS ya wati zinazotosha, nunua angalau kilinda voltage kizuri na upange programu ziwe zinahifadhi kazi kila baada ya muda mfupi. Blender ikirenda picha mojamoja badala ya video moja, umeme ukikatika unapoteza fremu iliyokuwa mkononi peke yake.

Bili: kompyuta inayokula wati 500 kwa saa 8 ni uniti 4 kwa siku, uniti 104 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa wewe, iwe LUKU au tokeni za Kenya Power.

Joto ndilo linalosahaulika. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari kina nyuzi 30 na zaidi kabla hujawasha chochote, na kadi mbili zinamwaga wati 340 humohumo. Kadi ya juu inavuta hewa iliyokwisha kupashwa na ya chini, kwa hiyo ndiyo itakayopunguza kasi kwanza. Feni mbili za kuingiza hewa mbele na moja ya kutoa nyuma ni kiwango cha chini kabisa, na vumbi lisafishwe mara kwa mara. Anayeishi Arusha, Nairobi au Kigali ana nafuu hapa.

## Hatua ya 7: Jumlisha gharama nzima

Usilinganishe bei ya kadi na kadi. Andika upande mmoja: kadi kubwa, na pawasaplai kama unabadilisha. Upande wa pili: kadi mbili, ubao mama wenye sloti zinazofaa, kasha lenye nafasi, feni, pawasaplai. Kwenye kompyuta nyingi za dukani zilizokwisha fungwa, upande wa pili unaongezeka mpaka ile akiba iliyokuvutia inaisha. Ukiagiza kutoka nje, kumbuka VAT ya asilimia 18 Tanzania na asilimia 16 Kenya, juu ya usafiri.

Lakini kuna mambo mawili ambayo kadi mbili zinashinda na hayaonekani kwenye risiti. Unaweza kununua moja leo na ya pili ukishalipwa kazi ya kwanza, ilimradi ubao na pawasaplai uvichague mapema ukijua ya pili inakuja. Na moja ikifa, unaendelea kufanya kazi kwa nusu ya uwezo wakati unatafuta nyingine. Kwa mtu anayeishi kwa kompyuta yake, hilo ni jambo kubwa.

## Hatua ya 8: Ukinunua mtumba

Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki mwezi Septemba 2022, kadi nyingi sana ziliingia sokoni, na bado zinazunguka. Kuchimba kwenyewe hakuui kadi; joto na vumbi ndivyo vinavyoiua. Kwenye 3090 nusu ya chipu za kumbukumbu ziko mgongoni, mbali na feni, na huchemka sana. Omba kuiwasha, ifanyishe kazi dakika 20, na uangalie joto la kumbukumbu kwa programu ya HWiNFO. Ikikaa kwenye nyuzi 105 na kuendelea, pedi zake za kupitisha joto zimechoka. Piga hesabu ya kuzibadilisha, au iache.

Kwa 3060, fungua GPU-Z, programu inayoonyesha undani wa kadi, na uhakikishe unaona GB 12 na basi (njia ya kumbukumbu) ya biti 192. Lilitoka toleo la GB 8 lenye biti 128, lenye jina lilelile la 3060, na kumbukumbu yake inasoma GB 240 kwa sekunde badala ya 360. GPU-Z pia inaweza kuzitambua kadi bandia zilizobadilishwa jina. Endesha memtest_vulkan, kipimo cha kumbukumbu ya kadi, dakika kumi. Kosa hata moja, usinunue. Halafu angalia mafuta yanayovuja pembeni mwa pedi, skrubu zilizochubuka, na feni inayoyumba ukiigusa.

Usinunue jozi ya kadi za zamani za kizazi cha Pascal, kama GTX 1080 Ti, kwa ajili ya akili mnemba hata ziwe rahisi vipi. CUDA 13, toleo la mfumo wa NVIDIA ambao programu hizi huutumia kufanyia mahesabu kwenye kadi, imeziacha nje, na kila toleo jipya la programu litazidi kukubana.

## Hatua ya 9: Kufunga na kupima

Funga kadi moja kwanza, weka draiva, ipime peke yake. Izime kompyuta, ifunge ya pili, washa. Skrini ichomekwe kwenye kadi moja tu. Andika `nvidia-smi` kwenye dirisha la amri: lazima uone mistari miwili, kila mmoja na kumbukumbu yake na wati zake. Kisha GPU-Z, angalia mstari wa basi ya PCIe (Bus Interface) wakati kadi iko kazini, maana ikipumzika inajishusha yenyewe. Ukikuta x1 kwenye sloti iliyoahidiwa x4, mara nyingi ni diski ya M.2 inayogawana njia na sloti hiyo. Kitabu cha ubao kitakuambia uihamishie wapi.

Zifanyishe zote kazi kwa nusu saa mchana wakati wa joto, kasha likiwa limefungwa. Kadi ya juu ikipita nyuzi 83, ipunguzie wati. `nvidia-smi -i 0 -pl 140` inaishusha 3060 kutoka 170 hadi 140 na kasi inapungua kidogo tu. 3090 unaweza kuishusha hadi 280 na ikabaki karibu na nguvu zake. Amri hiyo inahitaji ruhusa ya msimamizi, na inafutika kila kompyuta inapozimwa, kwa hiyo iweke kwenye vitu vinavyoanza pamoja na mfumo. Usipofanya hivyo, umeme ukikatika usiku na kurudi, kadi zitaamka na wati zake zote.